Miche Niliyoihurumia

Bwana Wanjala si mtu wa kupiga simu. Ni dereva wa lori, Mkenya wa upande wa Bungoma, na kwa miaka minane tuliyofahamiana habari zake zimenifikia kwa ujumbe mfupi usio na salamu: "Nimepita Jinja, sikukuona." Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu yangu asubuhi ile, nikiwa kazini nahesabu mbegu za maharage zilizochipua juu ya karatasi mbichi, niliiacha iite huku nimeshika kibanio mkononi, nikikisia ni nani aliyekufa, kana kwamba nikikisia sawasawa nitakuwa nimejiandaa. "Jamila," akasema, "Hajati ametutoka. Alfajiri ya leo. Wanazika alasiri." Mtu mwingine angesema innalillahi. Mimi niliuliza, "Wanamzika wapi?" Nikasikia injini ya lori lake ikinguruma. "Nakaloke," akasema. "Kwa dada yake."

Nilirudi kwenye mbegu zangu nikahesabu upya kuanzia moja, nikapata idadi tofauti, nikahesabu tena. Nakaloke ni mji mdogo wa soko kaskazini mwa Mbale, na hakuna ubaya wowote mtu kuzikwa huko. Lakini Hajati Safina hakutaka kuzikwa Nakaloke. Alitaka kuzikwa mlimani, kwenye shamba la marehemu mumewe, hatua chache kutoka kaburi lake. Na sababu ya kutozikwa huko ni jambo nililolifanya mimi, kwa kikombe cha plastiki, kwa muda wa wiki tano, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne na shahada ya elimu ya mimea. Nimejaribu kuliandika jambo hili mara nyingi katika ujumbe wa kumtumia yeye. Niliandika, nikasoma, nikabadilisha neno moja, nikafuta. Sasa hakuna wa kutumiwa, na labda ndiyo maana maneno yanakuja.

Nilifika kwake Malukhu, mtaa mmoja wa Mbale, mwezi wa tano, miezi kumi baada ya kuhitimu, nikiwa na begi moja na faili la vyeti nililolifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki kwa kuhofia mvua. Mwalimu wangu mmoja wa chuo, aliyekuwa akinunua miche kwake, ndiye aliyemwambia kwamba kuna msichana anajua mimea na hana kazi. Hajati alinipokea mlangoni akiwa na udongo hadi kwenye viwiko, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mtandio umefungwa nyuma ya shingo kama wa mtu anayejiandaa kupigana. "Wewe natoka wapi?" Nikamwambia Jinja, Kimaka. "Kimaka kwa wanajeshi?" Nikasema ndiyo, nilikulia kando ya uzio wao, na Kiswahili changu nimekiokota hapo. Akacheka mpaka akashika mlango. "Zamani wanajeshi nakuja, sisi nasikia Kiswahili, nakimbia kichakani. Leo Kiswahili naingia nyumbani kwangu na begi! Karibu, Afande. Hapana piga sisi." Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena.

Chumba alichonipa kilikuwa stoo ya ndizi, na kiliendelea kuwa stoo ya ndizi. Mikungu iliegemezwa ukutani miguuni pa kitanda changu, na kila Alhamisi Hajati aliingia bila kubisha, akatia ndizi moja mbivu ndani ya gunia la mbichi, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya mgomba. "Moja naambia ingine," alisema. Nililala miezi kumi na tatu katika harufu ile, na mpaka leo nikipita penye ndizi zinazoiva moyo hunienda mbio kabla sijajua kwa nini. Siku za mwanzo, kwa ile hamu ya mtu asiye na kazi ya kuthibitisha kwamba hakusoma bure, nilimweleza kwamba ndizi iliyoiva hutoa hewa isiyoonekana iitwayo ethilini, kwamba hewa hiyo ni homoni, yaani ujumbe ambao mmea hujipelekea wenyewe, na ndizi mbichi zikiupokea nazo huanza kulainika na kutoa ethilini yao. Hajati alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni. "Kumbe iko na jina," akasema. "Miaka arobaini mimi natumikisha yeye, hata salamu sijampa." Kisha akaligeukia gunia. "Ethilini, habari ya leo?"

Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba, matuta saba chini ya kivuli cha matete, na ukisimama katikati ya matuta ulikuwa unauona ukuta wa mlima Wanale umeinama juu ya mji, na siku za mvua maji yakining'inia kwenye miamba kama nyuzi nyeupe. Tulianza na mbegu za kahawa. Tulizimenya ganda la nje kwa kucha, tukaziloweka, tukazilaza kwenye mchanga, tumbo chini. Halafu ikaja kazi ambayo sikuwa nimefundishwa chuoni, ya kutofanya kitu kwa wiki saba. Nilijua kinachoendelea chini ya ule mchanga. Ndani ya mbegu kuna asidi ya absisiki inayoiambia ilale, wakati wake bado, na kuna jiberelini inayoiambia iamke, ifungue ghala lake la chakula, na mbegu huchipua pale sauti ya pili inapoishinda ya kwanza. Nilijua, lakini sikuweza kukaa. Wiki ya nne nilifukua mbegu tatu kuangalia sauti ipi inashinda. Zote tatu zilikuwa zimeanza kutoa kijizizi cheupe chenye unene wa uzi, na zote tatu nilizivunja kwa kidole. Hajati alizikuta juu ya mchanga. Hakugomba. "Afande," akasema, "wewe nafukua mtu kaburini kuuliza kama amelala?"

Zilipotoka zilitoka zote karibu pamoja, kila moja imenyoosha shina na kubeba mbegu yake kichwani kama kofia. Watu wa vitalu huita hatua hiyo askari, na Hajati alifurahi mno kunionyesha. "Tazama, ndugu zako wamefika. Gwaride!" Baadaye kofia hudondoka na majani mawili ya kwanza hufunguka, na hapo huitwa vipepeo. Tuliwahamisha vipepeo mmoja mmoja kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vilivyojazwa udongo, miche mia sita katika tuta lililo karibu na ukuta. Nilifanya kazi hiyo vizuri. Nasema hivyo kwa sababu yanayofuata yatafanya ionekane sikuwahi kufanya kitu vizuri, na si kweli. Niligundua kwamba miche ya upande wa kaskazini inapinda kuelekea mwanya wa kivuli, nikamweleza Hajati kwamba oksini hukimbilia upande wa giza na kuurefusha, ndiyo maana shina huegemea mwanga. Akaenda kuziba mwanya kwa matete. Jioni, tukila, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki.

Mchana mmoja wa mvua, mwezi wa kumi na moja, Bwana Wanjala alipita njiani akielekea Kenya, kama alivyozoea kila safari, na Hajati akampakulia malewa, machipukizi makavu ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, chakula ambacho Wanjala alisema Wabukusu wa kwao wamekisahau na ndiyo maana wamekuwa wafupi. Mimi nilikuwa chumbani mwangu. Kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye mabati, na sauti zilipita juu yake kama moshi. Wanjala alikuwa akimsumbua, "Mama, hii miche ya ukutani imependeza. Nipakie niende nayo Bungoma."

"Hiyo hapana uza. Hiyo ya mlimani."

"Bado mnavutana na shemeji?"

"Musa amesema mbele ya ukoo yote. Amesema mwanamke hana mtoto, shamba imekuwa kichaka, nampa kijana yangu. Mimi nikasema nitapanda kahawa. Wazee wakasema, haya, panda mvua ya mwezi wa nne. Kahawa ikishika, shamba yako mpaka kufa, na kaburi yako hapohapo. Ikikataa, yamekwisha."

"Na umri huu, mama, shamba la mawe unalitakia nini?"

Nilisikia kijiko kikigonga sahani. "Bwana yangu iko pale," akasema. "Miaka ishirini na sita tumelala kitanda moja. Nataka lala karibu."

Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda nikiwa na ndizi nusu mkononi, na nakumbuka niliishusha taratibu, kama mtu aliyekutwa akila kisicho chake. Tangu mchana huo ile miche haikuwa miche tena kwangu. Asubuhi niliihesabu kabla ya kunywa chai. Nilihesabu majani. Jani likipata doa niliota hilo doa. Wanjala akawa ananitania kila akipita: "Daktari wa majani, leo mgonjwa nani?" Nami nilimjibu kwa dhati, nikimtajia tuta na mstari, mpaka akaacha kutania, akamwambia Hajati, nami nasikia, kwamba huyu mtoto atajiua kwa mawazo. Hajati akasema, "Kichwa yake kama redio hapana zimwa. Lakini mikono iko mizuri."

Kisha ukaja mwezi wa pili, na jua lake. Miche ilikuwa na jozi sita za majani, minene, kijani cha kung'aa. Asubuhi moja Hajati alipanda juu ya ngazi akaanza kung'oa matete ya kivuli, mstari mmoja mmoja. "Sasa wanaingia imbalu," akasema. Imbalu ni jando la Wagisu, na kila mtu Mbale, Mwislamu au Mkristo, ameliona: kijana anasimama uani mbele ya watu wote, haruhusiwi kupepesa jicho wala kukunja uso, na akiyumba aibu hiyo inamfuata maisha. Hajati alikuwa na imbalu yake ya miche. Kivuli kinapungua kidogo kidogo, maji yanakatwa mpaka yawe mara moja kwa siku kumi, na mchana miche inaachwa juani inyong'onyee. "Nasimama, watu natazama. Hata mama yake hapana shika mkono," alisema. "Huko mlimani hakuna Afande na kopo. Kama hapana jifunza kiu hapa, atajifunza huko, na huko ni kufa."

Nami nilielewa kuliko mtu yeyote. Hilo ndilo linalonichoma. Katika mtihani wa mwisho niliandika kurasa nne juu ya jambo hilohilo na nikachora mishale. Mizizi ikihisi udongo unakauka hutengeneza asidi ya absisiki, ileile inayolaza mbegu, na kuipeleka juu mpaka kwenye majani, nayo huviambia vitundu vidogo vya majani vijifunge ili maji yasitoke. Mmea huacha kurefuka juu, ukaelekeza nguvu chini, mizizi ikachimba, ngozi ya jani ikawa nene. Na mmea uliowahi kupata kiu mara moja huwahi kufunga vitundu vyake mara ya pili. Kunyong'onyea kwa mchana hakuna maana kwamba mmea unakufa. Ujumbe umefika, na mmea unajifunza. Nilipata alama za juu kwa maneno hayo. Lakini karatasi ya mtihani haikuwa imening'iniza majani yake saa saba mchana kama masikio ya mbwa aliyepigwa, na haikuwa kaburi la mtu.

Kila Jumanne na Ijumaa Hajati alikwenda Nakaloke kumhudumia dada yake Bi Aisha, aliyekuwa na maumivu ya miguu, na hakurudi kabla ya alasiri. Ijumaa ya pili ya kiangazi kile nilisimama juu ya tuta nikaona mche mmoja umelala kabisa, nikauletea maji, nusu kikombe. Mmoja tu. Halafu nikafikiri: kwa nini huu na si jirani yake? Nikamwagilia jirani. Nikafika mwisho wa mstari. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bluu, cha kunywea uji. Jumanne iliyofuata nilianza mara tu alipokata kona. Miche mia sita, nusu kikombe nusu kikombe, mgongo ukiniuma, na moyo, ajabu, ukitulia kwa mara ya kwanza tangu nilipofika Mbale. Nilipomaliza nilichukua udongo mkavu wa njiani nikaunyunyiza juu ya kila kiriba ili pasionekane unyevu. Nimejisamehe mambo mengi ya mwaka ule, lakini nikifika kwenye huo udongo mkavu nasimama. Maji nilimwaga kwa huruma, au kwa hofu iliyovaa nguo ya huruma. Udongo ule nilijua ninaufanyia nini.

Kulikuwa na viriba kumi na kimoja ambavyo sikuvigusa, vile vya nyuma ya tangi la maji, kwa sababu tu dirisha la jirani lilivitazama na yeye alipenda kukaa dirishani akisuka nywele. Niliviacha viteseke kwa kuogopa macho ya mtu. Baada ya wiki tano vilikuwa vifupi, majani yake madogo, mazito kama ngozi, rangi imefifia kuelekea manjano. Ile mingine yote ilikuwa imerefuka, laini, kijani cha kupigiwa picha. Hajati alikuwa akiipita kila asubuhi. Mara moja alisema, "Hii imbalu ya mwaka huu, naona hakuna anayelia." Nikacheka. Nilicheka, na nikaendelea kufagia.

Mvua ilifika wiki ya kwanza ya mwezi wa nne, na Wanjala akaja na lori siku ya Jumapili baada ya kanisa, amevaa shati jeupe alilokataza mtu yeyote kuligusa. Mimi ndiye niliyechagua miche ya kupakia. Nilipofika nyuma ya tangi niliitazama ile kumi na mmoja nikaiacha. Hajati akaniuliza, "Na hii?" Nikamwambia, "Hiyo imedumaa, Hajati. Itatuaibisha mbele ya ukoo." Alinitazama. Kisha akainama kwenye kreti iliyokuwa miguuni pangu, akainua kiriba kimoja cha miche yangu mizuri, akakiweka juu ya kiganja chake kama mtu anayepima nyanya sokoni. Akakishika hivyo muda. Akakirudisha mahali pake, akajifuta kiganja kwenye kanga. "Pakieni," akasema. Yeye alikaa mbele na Wanjala. Mimi nilikaa nyuma na miche, nikiishikilia isiyumbe kwenye makorongo.

Tulipanda siku mbili. Shamba lilikuwa mteremko wa mawe wenye udongo mwekundu mzuri katikati, na kaburi la mumewe lilikuwa juu, limezungushiwa mawe, chini ya mti mmoja wa kivuli. Hajati alichimba mashimo ya safu ya kwanza mwenyewe, iliyo karibu na kaburi, na kila alipoweka mche aliukandamiza kwa nyayo zote mbili kama anacheza ngoma. Mzee Musa, shemeji yake, alikuja kusimama mpakani na fimbo yake. "Imependeza, shemeji," alisema, na nadhani alimaanisha. Kila mtu aliisifia. Mvua ikanyesha siku nyingine tisa. Halafu ikakata.

Watu walisema itarudi, na ilirudi, lakini baada ya wiki nne. Nilikwenda mlimani mara mbili katika wiki hizo. Mara ya kwanza majani yalikuwa yamening'inia asubuhi, si mchana, na asubuhi ndiyo saa mbaya, maana usiku mzima haukuyainua. Mara ya pili yalikuwa yamekauka kingo, yanavunjika ukiyashika. Nilifukua mche mmoja: mizizi yake ilikuwa bado ina umbo la kiriba, imejikunja pale pale ilipokuwa ikiletewa maji, haijatuma hata uzi mmoja chini. Haikuwahi kuwa na sababu ya kwenda popote. Kwa majirani, miche midogo migumu ilikuwa imekunja majani na kusubiri, na wiki ya mvua ilipofika ikainua vichwa. Yetu haikuinua. Mwezi wa sita Mzee Musa alikuja na wazee wawili, wakatembea safu kwa safu bila haraka, wakiinama na kugusa. Hakuwa mkali. Ningependa kusema alikuwa mkali. "Shemeji," alisema, "hapa hakuna kahawa. Hapa kuna kuni." Hajati alikaa juu ya jiwe moja la kaburi la mumewe. "Nimeona," akasema. "Nimeona, Musa. Usihesabu tena."

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Sentensi ilikuwa tayari, nilikuwa nimeitengeneza usiku kucha: Hajati, ni mimi, niliimwagilia. Nikafikiri, nisubiri wazee waondoke. Walipoondoka nikafikiri, nisubiri ashuke mlima. Tukiteremka aliniegemea bega, na aliposhika bega langu akasema, "Jua ya mwaka huu kali sana, Afande." Nikasema, "Kali sana, Hajati." Basi tukalisukumia jua lawama. Wiki mbili baadaye nilirudi Jinja. Alinifungashia ndizi, mbichi kumi na mbivu moja.

Nilifika Malukhu siku ya pili baada ya mazishi. Wanjala alikuwa amenisubiri, amekaa kwenye ngazi ya nyuma, shati jeupe tena. Kitalu kilikuwa kimebaki matuta mawili. Lakini nyuma ya tangi palikuwa na kichaka cheusi cha majani, na nilipokaribia nikaona ni mibuni, mirefu kunizidi, matawi yameinama kwa buni nyekundu. Nikaihesabu, bila shaka. Kumi na mmoja. "Aliipanda mwenyewe ulipoondoka," Wanjala akasema. "Alisema hawa hawakupepesa jicho."

Nikamwambia pale pale. Nilimwambia kikombe, Jumanne na Ijumaa, udongo mkavu, vyote, kwa haraka, sauti ikipanda. Aliniacha nimalize. Akachuma tunda moja, akalibinya, mbegu mbili zikateleza kiganjani pake. "Alijua, Jamila."

"Alijua lini?"

"Siku ile ya kupakia. Hatujafika hata njia panda, akaniambia: Wanjala, hii miche nzito. Afande amenyonyesha yeye."

"Na bado akapanda?"

"Angefanyaje? Mvua imeshuka, ukoo umeitwa. Alisema labda Mungu ataleta mvua ya kumbeba mpumbavu." Akaangalia chini. "Nikuambie kweli, mimi nilitaka kusimamisha lori nikuteremshe. Akanikataza. Na baadaye, mambo yalipoharibika, nikamuuliza, mama, mbona humwambii huyu mtoto? Akasema: huyu bado laini. Nikimwambia leo, nakauka. Nikamwambia, mama, si wewe unayesema miche isihurumiwe? Akasema, basi hata mimi ni mjinga."

Nimeligeuza jambo hilo kila upande tangu siku hiyo. Kuna saa ninashukuru. Kuna saa nakasirika kwamba kwa miaka saba nilibeba sentensi ambayo aliyekusudiwa alikuwa ameshaisikia, na kwamba kama angenigombeza pale juu ya jiwe ningelia, ningeomba radhi, na labda mizizi yangu ingeenda mahali. Badala yake alininyunyizia udongo mkavu juu, nami sikuona unyevu. Sijui. Naandika sijui kwa sababu ndilo jibu nililonalo.

Wanjala alinipeleka Nakaloke. Bi Aisha alitutangulia makaburini akitembea na mkongojo, na huko, nyuma ya soko, palikuwa na kichuguu kipya cha udongo wa kijivu kati ya watu ambao Hajati hakuwafahamu. Tukaomba dua. Wanjala alivua kofia akasimama mbali kidogo. Kisha Bi Aisha akanipa birika la plastiki, lile la kutawadhia. "Wanaume wamemwagia jana," alisema. "Leo jua imekausha. Mwagia, anzia kichwani."

Nilisimama na birika, nikifikiri kama nina haki, kama yeye angetaka, kama ni mzaha mbaya wa Mungu. Bi Aisha aliningoja, kisha akaligonga birika kidogo kwa mkongojo. "Mtoto, maji hapana fikiri."

"Hajati," nikasema, kwa sauti, nao wawili wakisikia. "Ni Afande. Ile miche niliimwagilia mimi." Nikaanza kumwaga, kuanzia kichwani, udongo ukawa mweusi na harufu ya kitalu ikapanda. Nilifika miguuni nikarudi kichwani. Nilitaka kuendelea. Mkono wangu ulikuwa umeshapata ule utulivu wa zamani, nusu kikombe, nusu kikombe.

"Inatosha," Bi Aisha akasema.

Birika lilikuwa bado zito. Nikaliweka chini.